Mmea wa Marehemu Nimeukata Magotini

Mwenzangu, mama mkwe kanipiga! Kofi la shavu, halafu kanirukia na mkasi wa kupogolea. Nakuandikia kwa mkono mmoja, wa pili unavuja damu.

Kisa ule mmea wa maua unaotambaa ukutani, wa marehemu baba mkwe. Nimeukata hadi usawa wa magoti, maana unachanua mwisho wa msimu, tena kwenye machipukizi mapya tu, yanayotoka ukishakatwa.

"Umemuua mume wangu mara ya pili!" Mara ya pili, mwenzangu!

Mtunza bustani ndiye kamshika. "Mama, mzee aliukata hivyohivyo kila mwaka, ukienda kwa dada yako. Alikuogopa."

Mama mkwe akautupa mkasi. Akachukua jembe, akaung'oa na mizizi yake.

"Miaka thelathini ananificha!"

Sasa anataka nimpeleke makaburini. Jembe hataki kuliacha.