Udongo wa Juu

Kaka,

Sisi wazima. Mbuzi kazaa mapacha, mmoja anachechemea. Simu zangu hupokei, ndiyo maana nimempa kondakta barua hii.

Jumatatu lilikuja lori na watu wanne wenye machepe. Dereva akasema umewauzia udongo wetu mweusi, wa bustani za maua huko mjini. Akanionyesha sahihi yako, akacheka: "Usijali, dogo. Kaka yako kasema tuchote wa juu tu, wa chini mtalimia."

Wa chini upi, kaka? Si umezaliwa hapa? Huu udongo ni majivu ya mlima, kina chake mkono mmoja, chini yake ni jiwe tupu! Wamekwangua nusu ya shamba la viazi la mama. Ukipiga jembe pale linatoa cheche.

Unanijua, mbele za watu mimi sina mdomo. Niliwatazama tu wakipakia. Mama akaniuliza, "Na wewe umesimama tu?"

Jumatatu ijayo wanarudi kumalizia. Nitalala mbele ya tairi. Wapigie simu uwazuie, au uwaambie wanipitie juu.

Mdogo wako wa tumbo moja