Makohozi ya Shemeji Yamenifanya Mtia Sumu

Mpendwa Maman Lucienne,

Nakuandikia kwa hasira, nisaidie kabla sijavunja nyumba yangu kwa mikono yangu. Mume wangu Guelord anauza mbao za Mambasa, na tangu mvua zianze anakohoa mpaka kitanda kinatikisika, anasema ni mavumbi ya mbao, mimi namwambia mavumbi hayamkondeshi mtu hivyo, hanisikii, basi hapa Saio wakapita reko, wale wa kujitolea wanaozunguka nyumba kwa nyumba kutafuta wagonjwa, na reko wa avenue yetu, Maman Annette, akamwachia kikopo atoe makohozi asubuhi, yapimwe kifua kikuu bure, na asubuhi hiyo, maman, nilikuwa nafagia nyuma ya nyumba nikamwona kwa macho yangu shemeji Josias, mdogo wake, mtu mzima wa afya, anakohoa ndani ya kikopo kile huku mume wangu anamhimiza, nikauliza ni nini hii, Guelord akanijibu, "Weye nyamaza. Batu bakijua niko na ile ugonjwa, nani atakuya kununua mbao kwangu?"

Majibu yakarudi: hakuna kifua kikuu. Kumbe hayo ndiyo yaliyoniua mimi, maana mama mkwe aliposikia akakusanya ukoo sebuleni kwangu na kusema, "Kama haiko kifua kikuu, basi ni sumu. Na mwenye kupika hapa ni nani?" Wote wakanitazama, Guelord akaangalia chini, Josias akaendelea kula ugali wangu. Sasa wamemletea dawa ya kutapisha kutoka kwa mganga wa kienyeji huko Marabo, dada yake ndiye anayempikia, mimi sigusi hata sufuria yangu mwenyewe, Jumapili wanaketi tena kuamua nirudishwe kwetu, na Divine, mtoto wetu anayelala katikati yetu, naye ameanza kukohoa. Mama yangu anasema nivumilie, mke hafichui aibu ya mume. Nivumilie au niseme?

Christella, Saio

Christella,

Hasira yako ni ya haki, na yangu imeizidi. Lakini nimemtafuta Divine katika barua yako nikamkuta mwishoni kabisa, nyuma ya sufuria. Hapo nakugombeza wewe. Heshima yako inaweza kungoja Jumapili, kifua cha mtoto hakingoji. Ukimaliza kusoma hapa, mfunge mgongoni, umpeleke kituo cha afya, nawe upimwe. Mweleze muuguzi yote, hata habari ya kikopo. Usiniambie unaona haya, kwani si wewe uliyekohoa.

Sasa mumeo. Anaogopa kupoteza wateja, naelewa, watu wetu wana ulimi mbaya. Lakini ugonjwa huu unapona, dawa zake ni za bure, na anayezimeza bila kuruka siku haambukizi tena baada ya muda. Leo angekuwa amenenepa na mbao zake anauza. Badala yake amekaa kimya mkewe akiitwa muuaji. Huo si woga tena, ni ubaya, na kama ananisoma, namwambia yeye mwenyewe: Guelord, umekosa. Na Josias aache kutafuna, apimwe tena, safari hii kwa jina lake.

Kuhusu mama yako, mkumbushe kwa upole kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua. Kuvumilia njaa sawa. Kuvumilia uongo unaoambukiza mtoto, hapana.

Mtafute Maman Annette kabla ya Jumapili, mweleze alivyodanganywa, aje na kikopo kipya. Atakasirika, mwache akasirike, halafu Jumapili muingie pamoja kwenye kikao. Ile dawa ya Marabo imwagwe, inamtapisha nguvu kidogo alizobaki nazo. Na siku hiyo usiende na machozi wala matusi. Mama mkwe akiuliza tena nani anapika, mjibu kwa heshima: "Mama, mbele ya kunihukumu, Guelord atoke inje akohoe mu hii kikopo, siye wote tukimuangalia." Nje, kwenye hewa, si sebuleni. Kisha ukae, usiongeze neno.

Akitoka, hujamwaibisha, umemwokoa. Akikataa, mama yake atakuwa ameona mwenyewe nani anayemuua mwanawe.

Maman Lucienne