Maharagwe Nyuma ya Mabati

Kaloleni, Nairobi

Kwako Baba,

Nakusalimu wewe na mama. Kifua chake kimepoa, ama bado anakohoa asubuhi? Na mvua imefika huko Machakos, au mnatazama mawingu tu? Mimi mwili wangu mzima, Baba. Moyo ndio umechoka.

Unajua shule hii ilikaa muda mrefu bila mwalimu wa kilimo. Watoto walikuwa wakinakili ubaoni tu, na mwalimu mkuu akanipa kazi ya kulipanga somo upya. Silabasi inazungumza kana kwamba kila mtoto ana ng'ombe kwao, na hawa wangu wamezaliwa kwenye nyumba za chumba kimoja. Nikapanga waanze kwa kushika udongo, halafu mboga, halafu kuku. Nyuma ya madarasa kulikuwa na kiwanja cha shule kilichojaa takataka. Tuliokota chupa na vyuma mpaka migongo ikauma, tukalima. Kidato cha nne wakapanda maharagwe ya mtihani wa taifa, maana sehemu ya alama hutolewa pale pale shambani, kila mtoto na tuta lake.

Yalichanua, Baba. Akinyi, msichana mkimya ambaye baba yake ni kibarua wa kiwandani, alikuwa akiwahi kabla ya kengele ili ayaangalie tu.

Jumatatu alinipokea langoni kwa Kiswahili chao cha mtaani, ambamo wasee ni watu tu. "Madam, kuna wasee wamefunga shamba yetu."

Nilikuta mabati pande zote na mlinzi mlangoni. Aliniambia kwa upole, "Mwalimu, hapa pana mwenyewe sasa. Ana hati."

"Nani?"

"Ni mkubwa. Tafadhali usiniulize."

Nikaenda kwa mwalimu mkuu. Alifunga mlango kwanza. "Mwende, nimepigia simu kila mtu ninayemjua. Wa mwisho ameniuliza kama nimechoka na kazi. Andika mpango mwingine, usiohitaji shamba."

Nilitaka kupiga kelele, lakini nikaona anachungulia dirishani kama kuna aliyetusikia. Nikatoka.

Alhamisi tingatinga likaingia. Nilikuwa nafundisha rutuba, na hakuna aliyetazama ubao. Tulilisikiliza mpaka likazima. Akinyi akauliza, "Na maksi zetu, madam?"

Nilikwenda ofisi ya mitihani. Afisa alinisikiliza vizuri, hata akanipa kiti, kisha akasema pasipo na mimea hapana alama. Nimewapandisha mbegu kwenye madebe, lakini mkaguzi atafika kabla hazijatoa hata ua. Jana Akinyi aliniuliza kama anaweza kubadilisha somo. Usajili ulishafungwa. Nilimwambia aende akale.

Sasa nimekaa na karatasi, naandika kilimo kisicho na shamba, na kila nikiandika mstari naufuta. Sikuandikii unitumie kitu, wala sioni utakachofanya. Nilitaka tu kumwambia mtu anayejua shamba la maharagwe linavyokaa likichanua.

Msalimie shangazi wa sokoni, kaka Musyoka na mkewe, na mzee jirani aliyeniazima jembe lake nikiwa chuoni. Mama utakapomsomea, mwambie wanafunzi wananipenda. Hilo ni kweli. Haya mengine yaruke.

Ni mimi binti yako,
Mwende