Rabi Katulia Nyumbani, Mimi Ndiye Situlii

Mpendwa Bi Zohara,

Naomba msaada wako, na naomba unijibu wiki hii hii, maana gazeti lako hutoka Alhamisi na mimi ikifika Sabato lazima niwe nimeshajua la kufanya. Ukiona barua haina mpangilio unisamehe, naandikia jikoni nimesimama, kwa sababu nikikaa nainuka, na nikiinuka nasahau nilichoinukia.

Naitwa Menuha, na usicheke, najua maana yake ni pumziko. Mume wangu ni Rabi Zerah Lifshitz wa sinagogi dogo hapa Yerusalemu, huenda umemwona kwenye televisheni akiburutwa na polisi huku ameishikilia kofia yake isidondoke, basi ndiye huyo huyo. Kila msimu wa zeituni, Sikukuu ya Vibanda ikishapita tu, anaamka alfajiri, anasali, anachukua gari letu bovu na kwenda vilimani kwa wakulima wa Kiarabu, anasimama kati ya miti yao na vijana wa makazi yetu ya Kiyahudi ya kule juu, vijana wenye fimbo mikononi na vishungi vya nywele mashavuni kama vya wanangu mwenyewe, na anawaambia kwamba Torati imekataza kukata mti wa matunda, nao wanamwita msaliti. Mwaka jana mmoja wao alimpiga jiwe, na tangu siku hiyo sikio lake la kushoto halisikii kitu, ukitaka kuzungumza naye lazima uzunguke upande wa kulia, na sisi nyumbani tumeshazoea kuzunguka.

Sitaki ufikiri nampinga, Bi Zohara. Tulipokutanishwa mara ya kwanza kwenye ukumbi wa hoteli, kama desturi yetu ilivyo, alifika amechelewa na koti limechanika mkono, kwa sababu njiani alisimama kugombana na askari aliyekuwa anamfokea Mwarabu mmoja muuza mikate ya ufuta, na mimi niliyekuwa nimeshakasirika nikajisemea moyoni, huyu ndiye. Kwa hiyo si kwamba sikujua naolewa na nani. Lakini nilikuwa msichana, na yeye alikuwa na masikio mawili, na siku hizo akienda alikuwa na wenzake, ambao sasa wengine wamezeeka, wengine wamechoka, na katika sinagogi letu hakuna hata mwanamume mmoja anayekwenda naye, wanamsikiliza akihubiri, wanatikisa vichwa, wanakwenda kula kunde na nyama zao, na Jumapili alfajiri mtu anayewasha gari ni Zerah peke yake, na mimi nasimama dirishani mpaka taa zinapinda kona.

Kuna desturi ya mababu zetu wa Ulaya, sijui kama kwenu mliotoka Moroko ipo. Mtu aliyeonewa na hana pa kulalamika, awe tajiri au mjane asiye na kitu, anaweza kusimama sinagogini wakati Torati imeshafunguliwa, akapiga kitu kwa kishindo na kusema nazuia kusoma, na kweli haisomwi mpaka asikilizwe. Siku hizi hakuna anayeifanya. Zerah ndiye aliyetufundisha sisi wanawake habari hiyo, kwenye darasa lake la alasiri, na tena akasema kwa majivuno kwamba zamani hata wanawake walizuia. Mwalimu mzuri mume wangu.

Basi Sabato ile ya kwanza baada ya sikukuu, Torati iko wazi mezani na Zerah amesimama mbele yake, mimi niko nyuma ya pazia la wanawake, na nilijua kesho yake alfajiri anakwenda. Sijui nini kilinipanda. Nilipiga kitabu changu cha sala juu ya kiti, nikasema kwa sauti ambayo sikujua kama ninayo: “Nazuia kusoma! Haisomwi mpaka mume wangu aahidi kwamba hatakwenda tena kule peke yake!”

Jirani yangu akanivuta sketi. “Mama Rabi, kaa chini, utatuaibisha!”

Sasa pazia letu liko upande wa kushoto, Bi Zohara, upande wa sikio bovu. Zerah akageuka huku na huku. “Nani anazuia? Anasemaje?”

Msimamizi wa sinagogi, Feivel, akamwinamia sikio la kulia na kumpazia sauti. “Ni mkeo, Rabi! Anataka uahidi kwamba hutakwenda tena kule!”

Alisema hivyo tu. “Peke yake” ilibaki kwangu nyuma ya pazia. Sijui kama Feivel alifanya makusudi au alisikia alichokuwa anatamani kusikia, maana yeye kaka yake aliuawa kwenye basi na Waarabu, wale anaosema ni watu wa Zerah, na hawezi kuliona koti la mume wangu limejaa vumbi la kule bila kutetemeka, na simlaumu kwa kutetemeka.

Zerah akatazama kwenye pazia. “Menuha? Ndivyo unavyotaka?”

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema hapana, kuna neno limeachwa. Badala yake nikasema, “Ndiyo.”

Akaweka mkono kando ya Torati, akasema mbele ya watu wote, “Naahidi. Siendi tena mpaka mke wangu mwenyewe aniambie nenda. Haya, someni.” Wakasoma. Mimi sikusikia hata neno moja la fungu la siku ile.

Tangu hapo yuko nyumbani, na hajanilaumu hata kwa jicho, na hilo ndilo linanimaliza. Anatembea kutoka mezani hadi dirishani, anafungua jokofu, analifunga, anapanga vitabu kwa urefu kisha anavipangua. Juzi alinipangia kabati la jikoni, akachanganya vijiko vya maziwa na vya nyama, ambavyo sheria yetu hairuhusu vikutane, rabi mzima, mtu ambaye mtaa wote unampigia simu kumuuliza mambo ya vijiko! Nilimfokea, akasema, “Samahani, nilikuwa mahali pengine.” Nilikuwa namwombea kwa Mungu akae nyumbani, na sasa yupo, namwona akipita sebuleni na nahisi nimemfungia ndani mgeni.

Feivel naye amekuja na keki ya mkewe. “Mama Rabi, umetuokoa. Sisi tulisema miaka yote hakutusikiliza, wewe umesema mara moja.” Kamati inakutana Jumamosi jioni Sabato ikitoka, nao wanataka nisimame niyarudie maneno yangu, ili ahadi hiyo iwe sharti la kazi yake. Keki bado iko kwenye karatasi yake, hakuna aliyeigusa.

Halafu Abu Rajai akapiga simu. Huyu ndiye mzee mwenye ile miti, na humwita Zerah “Shehe wangu” kwa kumtania. Nilipokea mimi. “Shehe wangu yuko wapi? Zeituni zinamuuliza.” Nikamwambia ana mafua. Akasema mpe chai ya majani ya mnanaa, poleni sana. Siku mbili baadaye akapiga mkewe, safari hii hataniwi mtu, anasema wale vijana walishuka, wakapindua ngazi akiwa juu yake, mzee amevunjika mkono. “Mwambie Shehe asijisumbue kuja na mafua yake. Tumeziacha mitini.” Siku walizoruhusiwa na askari kuvuna zinaisha wiki ijayo, na baada ya hapo zitadondoka zioze.

Zerah hajui kuhusu mkono. Hajui kuhusu neno lililoachwa. Nikimwambia, ataondoka Jumapili hiyo hiyo, na ninaliona jiwe la pili kila nikifumba macho. Nisipomwambia, ninaye hai, lakini nikimtazama usoni sijui kama nimemwokoa au nimemwiba. Bi Zohara, nimwambie nenda, au ninyamaze? Nijibu, maana nyumba hii sasa wanaotembeatembea ni wawili.

Menuha L., Yerusalemu

*

Menuha mwanangu,

Kwanza kaa chini. Vuta kiti, ukisome kisa chako mwenyewe kama nilivyokisoma mimi, mara ya kwanza nikiwa na hasira na mara ya pili nikiwa na machozi.

Nikuambie wazi ili tusidanganyane: mimi na mumeo hatupigi kura sanduku moja. Nina mjukuu jeshini, na zamu yake huwa kwenye vilima hivyo hivyo, na mumeo nikimwona kwenye televisheni huwa nasema maneno ambayo mhariri wangu hawezi kuyachapa. Kwa hiyo usiseme Bi Zohara kaegemea upande. Lakini mzee kupinduliwa pamoja na ngazi yake akichuma zeituni zake mwenyewe si siasa, mwanangu, ni aibu, na aibu hiyo hata mimi imeniingia nyumbani.

Sasa wewe. Pole, na ninaisema kwa moyo. Kusimama dirishani unahesabu kona si maisha, na hao wanaomwita mumeo shujaa hawamfulii mashati yake. Ulikuwa na haki ya kulia, na ulikuwa na haki ya kupiga kitabu. Kwetu Meknes hatukuwa na desturi hiyo, sisi tulipiga kelele wakati wowote bila kungoja Torati ifunguliwe, lakini imenipendeza.

Ila haki yako iliishia pale ulipoulizwa “ndivyo unavyotaka?” ukasema ndiyo. Feivel alikata neno, sawa, na Feivel nitamwachia Mungu wake na kaka yake. Wewe ndiye uliyemsaidia kulimeza. Halafu mafua! Mtu anamwombea mumeo apone kwa chai ya mnanaa, na siku mbili baadaye yuko chini ya mti na mkono umevunjika, na wewe unaniuliza kama unyamaze?

Unaniuliza umfungue au usimfungue, kana kwamba umemfunga. Hujamfunga, Menuha. Wewe ni mke wa rabi, unajua kuliko mimi kwamba ahadi iliyotolewa kwa kudanganyika ni kama haikutolewa. Yeye mwenyewe angemwambia hivyo mtu yeyote mtaani kwa simu, kabla hata chai yake haijapoa. Kilichomkalisha nyumbani ni kwamba anakuamini. Hiyo ndiyo kamba uliyoshika, na kadiri unavyoishika ndivyo inavyochakaa.

Basi fanya hivi. Leo Alhamisi, ukishaliweka gazeti hili chini, zunguka upande wa kulia umwambie yote: neno, mkono, mafua. Usilie kwanza, mwambie kwanza, kulia kutakuja. Akinyamaza, mwache anyamaze. Mpigie Um Rajai, mke wa mzee, na umwambie kwa mdomo wako mwenyewe kwamba hakukuwa na mafua. Keki irudishe kwa mke wa Feivel na umshukuru, mwanamke hana kosa, na vile vijiko vyenu vipange upya.

Hayo ni ya nyumbani, na hayatoshi. Ulisema hadharani, rekebisha hadharani. Jumamosi jioni usiende kwenye kamati yao, huko watu wanakwenda na majibu tayari mfukoni. Nenda asubuhi, Torati ikiwa wazi. Usikae nyuma ya pazia upande wa sikio bovu. Simama mlangoni, upande wa kulia, ambako mumeo atasikia bila kutafsiriwa na mtu, upige hicho kitabu na uzuie tena. Watasema Mama Rabi kachanganyikiwa, waache waseme, hiyo walishasema.

Useme sentensi yako nzima, na ukifika kwenye “peke yake” usishushe sauti. Ulikuwa umeomba jambo la haki kabisa, mwanangu, ila ulimwomba mtu asiyekuwa nalo. Zerah hawezi kukuahidi kwamba hatakwenda peke yake. Atakwenda na nani? Wenye ahadi hiyo ni wale wanaume waliokaa, wanaotikisa vichwa na kwenda kula. Hata Feivel, ndiyo, hata yeye, mwulize kwa upole, maana mtu aliyemzika kaka yake anajua dirisha lako lilivyo. Ahadi hiyo waitoe wao, si mumeo. Nani anakwenda naye Jumapili? Torati na ingoje jibu. Imengoja mengi.

Na ikiwa hakuna atakayeinuka? Basi utakwenda wewe. Mashati hayakosi kufuliwa kwa siku moja. Mimi magoti yangu hayapandi ngazi, lakini kuna kazi ya kuchambua majani kwenye zeituni chini ya miti, na kiti cha kukunja ninacho. Nitakuwa kona ya sinagogi lenu Jumapili alfajiri, nikinung'unika juu ya siasa za mumeo njia nzima, na atanisikia vizuri tu, kwa sababu nitakaa upande wa kulia.

Safari ile, Menuha, ulimzuia mtu mmoja aliyekuwa anakwenda. Safari hii wazuie wale waliokaa. Ukishasema, usimtazame Zerah. Watazame wao, mmoja mmoja, mpaka kiti kimoja kilie kwa mtu kuinuka.

Bi Zohara