Watu Wanane wa Kuijaribu Programu ya Neema

Mchafukoge, Dar es Salaam

Baba Neema, mume wangu mpendwa,

Pokea salamu zetu. Goti lako linaendeleaje? Na yule ng'ombe mwekundu, amekwisha kuzaa? Sisi huku ni wazima, ijapokuwa joto la mji huu halina adabu.

Nina furaha kukuarifu kwamba binti yetu ameshinda.

Alipoacha kazi ya benki ulimpa muda hadi mwisho wa mwezi huu programu yake iwe imekubaliwa, la sivyo arudi ofisini. Programu aliyoitengeneza huhamisha mafaili kutoka kompyuta moja hadi nyingine, katika mfumo endeshi mdogo unaozifufua kompyuta kuukuu. Wenye mfumo walimwambia kwamba wataipokea iwapo watu wanane wasio ndugu zake wataijaribu na kuandika waliyoyaona. Hakuwa amempata hata mmoja.

Nikamwambia, "Nimefundisha maisha yangu yote, nitakosaje watu wanane Kariakoo?"

Jumatatu ya wiki iliyopita tuliingia sokoni maduka yakifunguliwa. Nilieleza kwa ufasaha kwamba tunatafuta watu wa kujitolea.

"Mama, sijauza hata sindano," akasema wa kwanza.

"Shikamoo mama, pita baadaye," akasema wa pili, akageuka kupanga ndoo.

Kwa siku tatu nilirudi saa ile ile, nikiongeza sauti tu. Siku ya nne Bwana Salim, muuza mapazia, akashindwa kujizuia kucheka.

"Mama Mwalimu, we unatutia nuksi! Mtu hajafungua, mteja wa kwanza hajaingia, unamwomba cha bure? Hapa hupewi hata maji. Njoo baada ya swala ya adhuhuri, watu wameshauza, wameshakula."

Nilikiri kosa, jambo ambalo wajua silifanyi kila siku. Kwetu Marangu jambo zito huombwa asubuhi; sikujua kwamba hapa asubuhi ni ya mteja.

Tulirudi saa nane. Bwana Salim akawa wa kwanza. Neema aliuweka mfumo katika kompyuta yake ya zamani, wakaanza kutuma picha za mapazia hadi ghalani kwake Ilala. Katikati, umeme ukakatika.

"Imekufa hiyo," akasema jirani yake, muuza vyombo. "Mwalimu, mwanao kafeli!"

Umeme uliporudi, programu iliendelea palepale ilipoishia, na ghalani wakapiga simu: picha zote zimefika, nzima.

"Haya dada, njoo na kwangu!" akapaza sauti yule yule muuza vyombo. "Mimi wa pili, mtu asinipite!"

Kabla ya magharibi walikuwa wanane. Taarifa zao nilizisimamia mwenyewe; wawili niliwarudishia waandike upya.

Jana majibu yalifika. Programu imepokewa, na wenye mfumo wamemwajiri Neema aitunze.

Nisalimie mama mkwe wangu, shemeji Elia anayekusaidia shambani, na wifi yangu mshonaji, umwambie nguo alizonishonea zinasifiwa hata huku.

Kuhusu benki, Neema harudi. Nimekwisha kumwambia hivyo kwa niaba yako. Ukiwa na pingamizi, liandike. Nitalisahihisha na kukurudishia.

Mkeo akupendaye,
Mama Neema