Bata Aliyeingia kwa Mlango wa Nyuma

Chumbani kwetu,
kitanda cha dirishani.
Jumapili jioni, siku nne kabla ya sikukuu.

Mpendwa Dada,

Kabla sijakusalimia acha niseme, maana nikianza na salamu nitajificha humo humo mpaka karatasi iishe. Komeo la mlango wa nyuma si bovu. Ni mimi. Kila jioni Baba akishalifunga, napita kama ninayekwenda kupiga mswaki, nalifungua taratibu kwa kidole. Mwaka wa tatu sasa. Hakuna niliyemwambia, hata Mama.

Haya, sasa salamu. Hujambo? Mgongo umepona? Na wale wazee unaowatunza, bado wanagoma kuoga? Sisi wazima. Mama anashona sare za shule mpaka cherehani inanuka moto, na kitanda chako kimegeuka kabati: sketi upande wa kichwani, kaptula upande wa miguuni. Baba anarudi kutoka kiwanda cha mikate na unga kwenye nyusi, akiapa kwamba hana unga kwenye nyusi.

Mimi shuleni nina alama nzuri na kiti cha pembeni. Mtu akiniuliza kitu napanga jibu kwa lugha zote mbili, ya nyumbani na ya shule, nikimaliza kupanga ameshaondoka.

Utasema, mbona hukuniambia kwenye simu? Dada, unaijua simu ya nyumba hii. Inawekwa spika katikati ya meza, Mama anapaza sauti kana kwamba wewe uko ng'ambo ya barabara, na zamu yangu ikifika nasema "nzuri", basi. Mnacheka: "Kobe kaingia kwenye gamba lake." Na mimi nacheka.

Juzi nilibaki peke yangu nyumbani. Natafuta betri za rimoti kwenye droo, nikaikuta sidii yetu, ile katuni ya sikukuu, ya fundi cherehani na bata wake. Bado ina mkwaruzo uleule. Nikaitia kwenye deki, nikakaa upande wangu wa kochi. Upande wako nikauacha.

Hadithi yenyewe ni ya zamani, imo hata kwenye vitabu vya darasani, lakini mimi sikuipata kwenye kitabu. Niliipata kwako. Katuni ilikuwa kwa lugha ya shule na mimi nilikuwa na miaka sita, sielewi hata neno, kwa hiyo ulikuwa unanitafsiria kila sikukuu. Baba akipita anakuita Mkalimani wa Serikali. Fundi ulimpa sauti ya Mama. Bata ulimpa sauti ya Baba akiwa na mafua.

Unakumbuka mwisho wake: uzi unamwishia fundi, koti bado mkono mmoja, bata anajitolea kwenda kuutafuta uzi nje kwenye upepo mkali. Mlangoni anageuka, anasema, "Usifunge mlango, nisubiri." Kisha fundi anakaa, anakaa, taa inafifia, majina ya walioitengeneza yanaanza kupanda kwenye kioo. Kila mwaka nililia, na kila mwaka ukanijia juu:

"Unalia nini? Bata si ameshaingia!"

"Wapi?"

"Mlango wa nyuma. Ulipepesa macho."

"Sikupepesa!"

"Utajuaje kama ulipepesa, na wakati huo macho yalikuwa yamefumbwa?"



Dada, sasa lugha ile naijua. Hata hesabu nazipiga kwa lugha hiyo. Juzi nikasikia mwenyewe anachosema bata pale mlangoni. Anasema, "Funga mlango, usinisubiri." Nikarudisha nyuma mara nne. Ile "usi" uliing'oa kwenye kusubiri ukaibandika kwenye kufunga. Silabi mbili tu. Nikayakodolea macho majina yote mpaka la mwisho, bila kupepesa, macho yakaniwasha. Bata hakuingia popote.

Sikukasirika. Ila kochi lilikuwa kubwa mno.

Maana siku unaondoka, begi liko mlangoni, mimi nimejificha nyuma ya pazia kama kawaida yangu, uliliinamia pazia ukasema kwa sauti ya bata: "Usifunge mlango, nisubiri." Nikatii. Sikukuu ya kwanza ukasema zamu za kazi zimebana. Ya pili, zimebana. Wiki iliyopita kwenye spika ukasema "tutaona", Mama akaitikia haraka haraka, akainuka kwenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Kwa hiyo nakuuliza jambo moja, na unijibu kwa barua: siku ile ulikuwa unasema ya kwako, au ulikuwa unatafsiri? Kama ni funga, niambie funga. Nitafunga. Nimekua.

Jana fundi wa vitasa alikuja mara ya tatu. Kafungua, kafunga, katia mafuta.

"Mzee, komeo hili ni zima kuliko mimi na wewe."

"Mbona asubuhi nalikuta wazi?"

"Labda lina miguu."

Fundi alicheka peke yake. Baba alinitazama. Mimi nikatazama soksi zangu. Yeye akamalizia chai yake.

Shangazi anakusalimu, anauliza kama unakula. Mjomba fundi wa redio anasema ile redio yako imepona, ila inashika kituo kimoja tu. Nisalimie wazee wako, hasa yule bibi anayekuita kwa jina la mwanawe. Mungu akutunzie mgongo huo, akupe na usingizi usiokatizwa na kengele ya mtu.

Nasikia miguu ya Baba, anazungukia milango. Nimeshainua godoro niifiche barua. Mlango wa mbele: klak. Sasa yuko kwenye wa nyuma. Amesimama. Naisubiri klak yake.

Haijalia.

Komeo ameliacha wazi, miguu inakuja huku, iko mlangoni kwangu. Godoro nimelirudisha. Barua naiacha hapa hapa juu yake.

Wako akupendaye, na asiyepepesa,

Kobe