Mwanzi wa Yasukichi

Tokyo, Septemba 1911

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini kifua cha Baba kimetulia na baridi ya milimani haijawaanza mapema. Mimi ni mzima. Najua unangoja habari za mdogo wangu Yasukichi kuliko zangu, kwa hiyo naanza na yeye.

Tangu mvua za Juni miguu yake ilikuwa inakufa ganzi. Wenzake wa duka la vitambaa wakamcheka, eti mtoto wa milimani kadekezwa na wali mweupe mpaka kasahau kutembea. Naye akajisifu kwamba wao wana wivu tu, mama zao hawakubali kula shayiri ili wawatumie watoto wao mchele mweupe wale kama mabwana, kama ufanyavyo wewe. Nilipombonyeza muundi, shimo la kidole likabaki. Nikampikia uji wa mchele mweupe uliomtumia, chakula cha mgonjwa, kama ulivyotufunza. Kila alipokula, moyo ulizidi kumwenda mbio.

Daktari alinigombeza. Alisema mchele ukikobolewa mpaka ukawa mweupe, kuna kitu kinachoondoka na pumba, na mtu asiyekipata huishiwa nguvu za miguu, kisha za moyo. Nilimjibu kwa hasira kwamba mama yangu hawezi kumtumia mwanawe sumu. Akasema si sumu, ni kilichokosekana. Akaniuliza mimi nakula nini. Nikamwambia shayiri, maana bwana ninayemtumikia ni bahili, nami nimekulalamikia katika kila barua. Akaitazama miguu yangu mizima, akaniamuru nimpe Yasukichi shayiri hiyohiyo.

Mama, kaa chini kwanza. Yasukichi ametutoka. Shayiri tulimpa, lakini tulichelewa. Siku yake ya mwisho nilichukua kipande cha mwanzi nitie mchele ndani, nimtikisie sikioni, kama tunavyowaaga watu kwetu, wasikie chakula kizuri mara ya mwisho. Akaniomba nisitie mchele, anataka kusikia cha nyumbani. Nikatia shayiri. Alisikiliza, akauliza kama umeshapika, kisha hakusema tena.

Nilitaka kukuficha sababu, maana itakuumiza kuliko msiba wenyewe. Lakini unasema mdogo wetu Kumazo anakuja huku Tokyo baada ya mavuno, na umeuza kimono chako cha harusi umnunulie gunia la mchele mweupe. Nakupigia magoti, usimpakilie. Mpe shayiri, hata akinuna, hata majirani wakisema humpendi.

Nisalimie Baba, na umwambie Kumazo dada yake anamngoja. Nakutumia majivu ya Yasukichi pamoja na mwanzi. Shayiri iliyomo usiimwage.

Ni mimi binti yako,
Otsune